Historia Isiyo na Mtemi: Aniceti Kitereza na Uandishi wa Historia ya Kisimulizi kwa Vijana wa Ziwa Nyanza, 1945–1981

Ikisiri

Insha hii inamchunguza Aniceti Kitereza (1896–1981) wa Ukerewe kama mwandishi wa historia, si kama mtunzi wa riwaya pekee. Kitabu chake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 kwa nia ya kuwahifadhia vijana lugha na desturi za wahenga wao. Kilichapishwa kwa Kiswahili miaka zaidi ya thelathini baadaye, na mwandishi akafariki kabla ya nakala kumfikia. Insha inajadili maswali matatu: Kitereza alitumia mbinu gani kuifanya historia isomeke? Aliacha nini nje ya masimulizi yake? Kucheleweshwa kwa kitabu kuliathiri vipi uhusiano wake na wasomaji aliowakusudia? Hoja kuu ni kwamba Kitereza aliandika historia ya kijamii ya watu wasio na vyeo katika kipindi ambacho historia ya kanda ya ziwa ilisimuliwa kupitia watemi, wapelelezi na wamisionari. Na kwamba udhaifu wa kazi hiyo, hususan kimya chake kuhusu mabadiliko ya karne ya 19, haupunguzi thamani yake endapo msomaji kijana ataongozwa kuisoma pamoja na vyanzo vingine.

1.0 Utangulizi

Kamanga ni kituo cha kivuko katika ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Anayesimama hapo huuona mji wa Mwanza ng'ambo ya maji. Kaskazini zaidi, nje ya ghuba, kipo kisiwa cha Ukerewe. Leo maeneo haya yamegawanyika katika wilaya mbalimbali, lakini kihistoria maji hayakuwa mpaka bali njia. Kizinza kinachozungumzwa Sengerema na Geita, na Kikerewe cha visiwani, ni lugha zenye udugu wa karibu. Mapokeo ya Ukerewe nayo husema kwamba ukoo wa Abasilanga, uliotoa watawala wa kisiwa hicho, ulitoka Ihangiro, magharibi mwa ziwa. Kwa hiyo kijana wa Kamanga anaposoma habari za Ukerewe ya kale hasomi habari za ugenini. Anasoma habari za jamaa.

Pamoja na hayo, ramani anayoikuta darasani humwelekeza kwingine. Eneo la maji lililo kusini mwa Ukerewe huitwa Ghuba ya Speke, kwa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza Agosti 1858. Ziwa lenyewe, ambalo wenyeji waliliita Nyanza, na ambalo wasafiri wa enzi hizo walilisikia pia likiitwa Ukerewe, lilipewa jina la malkia wa Uingereza. Habari za Ukerewe zilizoingia katika vitabu vya Kizungu ni zile zilizowagusa Wazungu: Henry Morton Stanley akitafuta mitumbwi kwa Mtemi Lukonge mwaka 1875, na wamisionari Shergold Smith na O'Neill wakiuawa kisiwani Desemba 1877. Matukio haya ni ya kweli na yana uzito wake. Hata hivyo, hayasemi Mkerewe aliamka vipi, alilima nini, alioa vipi, wala alimlilia vipi mtoto wake aliyekufa.

Pengo hilo ndilo Kitereza alilokusudia kuliziba. Insha hii inamtazama katika kazi hiyo.

2.0 Mwandishi na Chimbuko Lake

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wakati utawala wa Wajerumani ulipokuwa ukijiimarisha kandokando ya ziwa. Alikuwa wa ukoo wa kitawala. Babu yake alikuwa Omukama Machunda. Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya huko Bukoba, ambako alikaa miaka mingi na kujifunza lugha kadhaa, Kilatini na Kijerumani zikiwamo. Hakuendelea na upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, akafanya kazi kwa wafanyabiashara, na baadaye akaitumikia misheni, hususan katika kazi za tafsiri.

Mambo mawili ya maisha yake yana uhusiano wa moja kwa moja na kitabu chake. La kwanza ni kwamba Kitereza alisimama kati ya dunia mbili. Alizaliwa mapema kiasi cha kuwakuta hai wazee walioijua Ukerewe kabla ya ukoloni, na akasoma kiasi cha kuweza kuyaandika waliyoyasema. Ndiyo kusema kwamba yeye mwenyewe hakuishuhudia enzi anayoisimulia. Chanzo chake kikuu ni masimulizi ya wazee, na msomaji hana budi kukichukulia kitabu chake kama mapokeo simulizi yaliyopangwa na mtu mmoja mwenye elimu ya seminari.

La pili ni kwamba watoto waliozaliwa na Kitereza na Anna walifariki wakiwa wadogo. Katika jamii iliyomwona mwanamume asiye na mtoto kuwa ana kila sababu ya kuoa mke mwingine, Kitereza alibaki na Anna. Kitabu chake kinaanza na ndoa isiyo na mtoto. Si sahihi kukifanya kitabu chote kuwa wasifu wa mwandishi, lakini si sahihi pia kudhani kwamba mada hiyo ilimjia kwa bahati. Mtu asiye na watoto wa kuwasimulia jioni aliwaandikia watoto wa watu wote.

3.0 Mbinu ya Kitereza: Historia Ndani ya Hadithi

Kufikia miaka ya 1940, Kiswahili kilikuwa na vielelezo vya historia ya kisimulizi. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, ilikuwa imesimulia habari za watawala wa Usambara. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934, ilikuwa imesimulia habari za watumwa na jamii ya waliokombolewa huko Freretown. Kazi ya kwanza inafuata mfululizo wa watawala, na ya pili inafuata tukio kubwa la utumwa na ukombozi. Kitereza, kwa kutiwa moyo na Padre Almas Simard wa shirika la Mapadre Weupe, alichagua njia ya tatu, yaani kuufuata mji mmoja wa watu wa kawaida kizazi hadi kizazi.

3.1 Uteuzi wa wahusika

Mjukuu huyu wa Omukama angeweza kuandika habari za ikulu, na hakuna ambaye angemshangaa. Badala yake alimteua Myombekere, mkulima asiye na cheo, na mkewe Bugonoka. Tatizo linaloanzisha masimulizi si vita wala urithi wa kiti. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa kutozaa, na wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anabaki katika nyumba isiyo na mke, kisha analazimika kwenda ukweni kuomba, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Uamuzi huu una maana ya kihistoria. Kwa kumfuata mtu wa kawaida, mwandishi analazimika kueleza taasisi zote zinazomgusa: ndoa, mahari, mamlaka ya wakwe, ujirani, uganga, kilimo, uvuvi na maziko. Mtemi yupo kwa mbali, kama alivyokuwa kwa Wakerewe wengi. Msomaji kijana anajifunza kwamba historia ina nafasi ya mtu kama babu yake.

3.2 Maelezo ya kazi na ujuzi

Faini ya pombe ni mfano mzuri wa jinsi hadithi inavyobeba maarifa. Kwa kuwa Myombekere hatampata mkewe bila pombe, msomaji ana sababu ya kufuatilia pombe inavyotengenezwa: ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na nani anasaidia nini. Maelezo ambayo katika ripoti ya kiethnografia yangekuwa orodha kavu, hapa yamefungwa kwenye hatima ya ndoa. Hatua moja ikiharibika, mke harudi.

Mbinu hiyohiyo inatumika katika matibabu ya Bugonoka, katika kuzaliwa kwa mwana wao Ntulanalwo na binti yao Bulihwali, na katika uwindaji na uvuvi. Kwa mtafiti, sehemu hizi ni hazina ya istilahi na taratibu. Kwa kijana, ni hadithi yenye taharuki ya polepole. Ni vigumu kumtenganisha mwalimu na msimulizi katika kurasa hizo, na insha hii inachukulia kwamba kutotenganika huko ndiko kulikokusudiwa.

3.3 Mazungumzo na adabu

Sehemu kubwa ya kitabu ni mazungumzo. Watu wanasalimiana kwa ukamilifu, wanaulizana habari za nyumbani, wanazunguka kabla ya kufikia jambo. Msomaji aliyezoea riwaya za haraka huona sehemu hizi ni ndefu. Ukizitazama kihistoria, hata hivyo, zinahifadhi kitu ambacho nyaraka za serikali ya kikoloni hazikuweza kukihifadhi, yaani namna watu walivyotatua migogoro kwa maneno. Mkwe na baba mkwe hawapigani. Wanazungumza, wanatozana, wanakunywa pamoja, na ndoa inasimama tena. Utaratibu wa kisheria wa jamii unaonekana ukifanya kazi bila mwandishi kutamka popote kwamba anaeleza sheria.

4.0 Yaliyoachwa Nje

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja pia mipaka ya kazi hii. Karne ya 19 haikuwa kipindi cha utulivu Ukerewe. Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1976, alionyesha jinsi biashara ya masafa marefu ilivyowaingiza Wakerewe katika mtandao uliofika hadi pwani. Pembe za ndovu, bidhaa za kigeni na maradhi mapya yalibadili uhusiano kati ya watawala na raia, na kati ya jirani na jirani.

Katika kitabu cha Kitereza mabadiliko haya hayaonekani sana. Dunia ya Myombekere inakwenda kwa mzunguko wa misimu, si kwa mfuatano wa miaka. Hakuna tarehe, na msafara kutoka pwani hauingii kuvuruga mambo. Msomaji asiyeongozwa anaweza kuhitimisha kwamba Afrika kabla ya ukoloni ilikuwa haibadiliki, jambo ambalo lingekuwa kinyume cha nia ya mwandishi, kwani hilo ndilo walilodai watawala wa kikoloni.

Yapo maelezo mawili ya kimya hiki. Kwanza, mapokeo ya wazee kuhusu maisha ya nyumbani huhifadhi kanuni kuliko tukio: mzee huulizwa watu walioaje, naye hujibu kwa kueleza walivyopaswa kuoa. Pili, Kitereza aliandika akiwa na hofu ya kupotea kwa mambo, na mwenye hofu ya kupoteza huokoa kwanza kile anachokiona cha kudumu. Hata hivyo si kweli kwamba alichora pepo. Utasa, masimango ya ndugu, maradhi na vifo vya watoto vimejaa kitabuni, na jina Ntulanalwo lenyewe hudokeza mtu anayeishi na kifo karibu yake. Alichokiacha ni mwendo wa wakati. Machungu hakuyaacha.

5.0 Safari ya Muswada

Muswada wa Kikerewe ulikamilika mwaka 1945. Kutafuta mchapishaji wa kitabu kikubwa namna hiyo katika lugha ya wasemaji wachache lilikuwa jambo gumu tangu mwanzo. Simard aliuchukua muswada na kuanza kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kazi hiyo kuzaa kitabu. Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilifungua mlango kwa waandishi wengi wa Kiswahili, ila kazi ya Kitereza ilikuwa bado haimo katika lugha hiyo.

Baada ya uhuru mazingira yalibadilika tena. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na nafasi ya vitabu vya lugha za makabila ikazidi kuwa finyu. Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walipokutana na Kitereza walimhimiza autafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mwaka 1972 walichapisha makala iliyomtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Kiafrika. Mzee aliyekwisha kuchoka kwa maradhi ya viungo alikaa na kukiandika upya kitabu chote, katika lugha ambayo haikuwa ya wahusika wake. Tanzania Publishing House ilikitoa kikiwa na kurasa zaidi ya 600, kwa tarehe ya mwaka 1980. Kilipigwa chapa China, na safari ya nakala ilichukua muda. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hazijamfikia.

Tangu hapo kitabu kimesafiri kuliko mwandishi wake. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani katika juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafsiri ya Kifaransa ikafuata katika muongo huohuo. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002. Kijana wa Berlin au wa Paris akawa na nafasi ya kumsoma Myombekere katika lugha yake ya nyumbani. Kijana wa Ukerewe alimsoma, kama alimpata, kwa Kiswahili.

Ni rahisi kulisikitikia jambo hili na kuishia hapo. Lakini kuna upande wa pili. Kwa kukihamishia kitabu katika Kiswahili, Kitereza aliwapanua wasomaji wake. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya vijana wa kisiwa kimoja kikawa mali ya vijana wa Kamanga, Magu, Bukoba, Tanga na Mombasa. Gharama yake ni kwamba shabaha ya kwanza, yaani kuihifadhi lugha, ilitimia kwa sehemu tu: maneno ya Kikerewe yamebaki katika majina, methali na istilahi, kama mawe yanayochungulia juu ya maji.

6.0 Mjadala: Kitereza na Msomaji Kijana wa Leo

Swali linaloweza kuulizwa na mtahini ni hili: je, kitabu cha kurasa 600 kinaweza kweli kuitwa historia kwa vijana? Ukilinganisha na kazi zilizotungwa baadaye mahususi kwa rika hilo, tofauti ni kubwa. M. M. Mulokozi, mtafiti wa fasihi aliyeandika pia tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, aliwatungia vijana hadithi fupi zaidi zenye msingi wa kihistoria, kama Moto wa Mianzi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, ulihimiza vitabu vyepesi vyenye picha. Kwa vigezo hivyo Kitereza hafai.

Hata hivyo, kigezo cha urefu kinachanganya mambo mawili: kitabu cha kijana kusoma peke yake, na kitabu cha kijana kusomewa na kuongozwa. Masimulizi ya jioni, ambayo ndiyo mzazi wa kitabu hiki, hayakuwa mafupi. Yaligawanywa kwa siku. Kazi ya Kitereza inagawanyika kwa urahisi katika vipande vinavyojitegemea: safari ya ukweni, utengenezaji wa pombe, matibabu, kuzaliwa, uwindaji. Kila kimoja kinaweza kuwa somo.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata katika sekondari, ambako kwa miongo mingi historia ilifundishwa kwa Kiingereza. Somo linahitaji matini. Matini zikiwa ni orodha za tarehe na viongozi, mwanafunzi atakariri na kusahau. Zikiwa ni masimulizi matupu, atafurahi bila kuhoji. Pendekezo la insha hii ni kwamba sura teule za Kitereza zisomwe sambamba na vyanzo vya aina nyingine: masimulizi yanayokusanywa na wanafunzi wenyewe kwa wazee wa Kizinza, Kisukuma na Kikerewe, na tafiti za wanahistoria kama Hartwig. Mwanafunzi akiona kwamba Hartwig anazungumzia misafara na Kitereza haitaji, atauliza kwa nini. Akiuliza hivyo, ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Kitereza alikuwa mwanahistoria aliyetumia hadithi kama chombo, kama mvuvi atumiavyo mtumbwi: hausifiwi kwa uzuri wake peke yake bali kwa samaki unaowaleta pwani. Aliwatoa watemi katikati ya masimulizi, akawaweka mume na mke wanaotafuta mtoto. Aliyafunga maarifa ya kazi na adabu kwenye matukio ambayo msomaji anataka kujua mwisho wake. Aliacha nje mageuzi ya karne ya 19, na pengo hilo lisifichwe bali lifundishwe.

Kwa upande wa utafiti, imedhihirika kwamba historia ya kitabu hiki ni sehemu ya historia ya Tanzania yenyewe: misheni, lugha za kienyeji, siasa ya Kiswahili na uchapishaji vyote vimeacha alama katika safari ya muswada mmoja. Wachunguzi wa baadaye wana kazi ya kulinganisha Kikerewe cha 1945 na Kiswahili cha 1980 kipengele kwa kipengele, ili ijulikane mwandishi alibadili nini alipokuwa akijitafsiri.

Kitereza aliandika kwa ajili ya vijana ambao wengi wao walikwishazeeka kitabu kilipotoka. Deni hilo haliwezi kulipwa kwao. Linaweza kulipwa kwa wajukuu wao, wanaovuka kila siku kati ya Kamanga na Mwanza juu ya maji yaleyale, wakiwa na madaftari ya historia mikononi.